Ngozi Iliyofumwa kwa Machicha

Tone la mwisho lilikuwa la buluu kama mengine yote. Lilining'inia kwenye mdomo wa chupa, likatikisika, kisha likaangukia beseni la kwanza na kupotea ndani ya machicha. Niligonga kitako cha chupa. Hakikutoka kitu. Mabeseni mengine, safu kwa safu hadi ukutani, yalibaki yakisubiri zamu yao.

"Ndiyo basi?" aliuliza Sista Pelagia kutoka mlangoni. Hakutaka kubadili viatu, kwa hiyo alisimama kwenye kizingiti akinyoosha shingo.

"Ndiyo basi, Sista."

"Na kampuni wanasemaje?"

"Wamefunga mtambo. Wanasema wanatengeneza kitu kingine, kizuri zaidi. Kitatoka mwakani."

"Mwakani." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo nimwambie Nyamizi kule wodini autunze mgongo wake kabatini mpaka mwakani."

Mimi huwa sina majibu ya haraka. Hunijia jioni, nikiwa naosha vyombo, wakati aliyeuliza ameshalala. Sista alinijua, akaondoka bila kungoja.

Nilibaki na wafumaji. Hilo ndilo jina tulilowapa bakteria wetu, kwa sababu ndiyo kazi yao. Watu wa kilima cha Kyamurungi wakishakanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi, lile gogo kubwa lililochongwa ambalo halijawahi kuona ziwa, na juisi ikishamwagwa kwenye mtama wa kukaanga ili iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, hubaki machicha: nyasi zilizolowa, nyuzi za ndizi, pumba. Zamani yalitupwa bondeni, yakinuka mpaka kanisani. Siku hizi mikokoteni inayojiendesha huyakusanya kila ua na kuyaleta hapa hospitali, nayo wafumaji huyala. Wanachukua sukari iliyosalia na kutoa uzi, mwembamba kuliko utando wa buibui, na kila mmoja anavuta wake juu ya wa mwenzake, pale pale hewa inapogusana na chakula. Baada ya siku kadhaa unainua shuka nyeupe inayoteleza, nzito kama nguo iliyoloweshwa. Tunaichemsha hadi asibaki hai hata mmoja, tunaisuuza, tunainyunyizia seli za mgonjwa mwenyewe, na tukiilaza kwenye jeraha la moto, mwili unaipokea na kuifanya ngozi.

Lakini wafumaji walikuwa na kufuli. Waliowaunda waliwanyima uwezo wa kujitengenezea vitamini moja, kisha wakaiweka vitamini hiyo kwenye tone la buluu. Bila tone, mfumaji hufa. Kufuli hiyo iliinufaisha kampuni, sikatai. Iliwalinda pia watu wa kilima chetu. Wafumaji ni ndugu wa damu wa wale bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki. Mfumaji asiye na kufuli akiingia mtumbwini mwa mtu, rubisi ya arusi inakuwa maji ya kusafishia masufuria.

Ndiyo maana ukutani, juu ya hadubini yangu, ulining'inia mrija. Siku tulipoomba machicha kwa mara ya kwanza, Ta Kyaruzi, mwenyekiti wa wapika pombe, hakutaka saini ya mtu. Aliweka kibuyu kimoja kati yetu, mirija miwili, akasema, "Sema ahadi yako, halafu unywe." Mimi nisiyekunywa pombe nilisema kwamba wafumaji wakipata kuishi bila tone, tutawachemsha wote siku hiyo hiyo. Kisha nikavuta. Tulivuta pamoja, vichwa vikikaribia kugongana. Kwetu ahadi ya namna hiyo haivunjwi.

Niliyatazama mabeseni kwa huruma, maana yalikuwa yanaenda kufa. Ndipo nikaliona beseni la dirishani.

Lile lilikuwa na ufa, na kwa sababu ya ufa nilikuwa nimeacha kulitilia tone kitambo. Lilikuwa linangoja kutupwa. Juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, lilikuwa na utando mnene kuliko wowote niliowahi kuuona.

*

Chini ya hadubini niliwaona vizuri. Wafumaji walikuwa wamejipatia jirani. Katikati ya nyuzi zao zilijikunyata chembe za mviringo, hamira ya mwitu, ile ile inayoichachua rubisi ya kilima chetu, iliyokuja ndani ya machicha. Hamira ilitengeneza vitamini kwa wingi na kuimwaga nje, wafumaji wakaokota. Nao wafumaji waliifunika hamira kwa utando wao isikauke. Hakuna aliyewafundisha. Kufuli ilikuwa imefunguliwa kutoka ndani, na aliyeifungua alitoka kwenye mitumbwi yetu wenyewe.

Nilifurahi hadi nikajikuta nimeshika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha macho yangu yakaenda kwenye mrija.

Siku hiyo hiyo, nilikuwa nimesema.

Nilifunga madirisha. Nilisimamisha mikokoteni isiingie wala kutoka, nikaziba kila tundu ambalo nzi wa matunda angeweza kupita, maana nzi ndiye angewabeba wafumaji miguuni hadi kwenye mitumbwi ya watu. Niliacha nguo zangu za kazi ndani na kuoga mlangoni kila nilipotoka. Lakini sikuchemsha. Nilichukua vibuyu viwili vya juisi mbichi nilivyopewa na Ma Koletha, mmoja wa wapika pombe, nikavitia hamira, nikaviweka kando ya beseni la dirishani, na nikaanza kungoja.

Nyamizi naye alikuwa anangoja. Alikuwa fundi umeme kutoka Mwanza, na alikuwa chini, kwenye betri za kivuko, moto ulipolipuka. Wenzake wawili aliwasukuma ngazini kwanza. Kwa hiyo mgongo ulioungua ni wake.

"Daktari wa uji," aliniita nilipoingia wodini. Alilala kifudifudi, uso ukitokeza pembeni ya mto. "Leo umeniletea nguo?"

"Bado."

"Upande wa kushoto nimevaa, upande wa kulia niko uchi. Fundi gani anaacha kazi nusu?"

Bega la kushoto na mkono vilikuwa vimefunikwa na utando wa zamani, na chini yake ngozi ilikuwa imeshaanza kuwa ya kwake, ya waridi pembezoni na nyeusi katikati. Upande wa kulia ulikuwa chini ya bandeji, na bandeji zilikuwa zimeanza kunuka. Sista Pelagia aliniangalia juu ya kichwa cha mgonjwa. Tukatoka kwenye korido.

"Usaha umeanza," alisema. "Dawa zinaushika kidogo tu. Koku, niambie ukweli. Kuna kitu kwenye kile chumba. Umefunga madirisha kama mtu mwenye mtoto mchanga."

Nikamwambia. Alinisikiliza akichezea saa yake.

"Basi fuma," akasema. "Fuma, chemsha, leta. Shuka ikifika hapa imeshachemshwa, haina mdudu. Nani atajua?"

"Mimi sitafuma mara moja, Sista. Nitafuma kila siku, na machicha lazima yaingie. Mikokoteni itarudi kwenye nyua za watu. Siku moja nzi mmoja atapita. Mwaka kesho mtu atafunua mtumbwi akute siki, na hatajua kwa nini. Atasema amerogwa. Atamtafuta jirani aliyemroga."

"Na huyu mwenye mgongo?"

"Najua."

"Pombe, Koku. Unapima pombe na mtu."

"Siyo pombe tu. Ma Koletha amesomesha watoto wote kwa ule mtumbwi."

Kutoka ndani sauti ya Nyamizi ikaja, tulivu kabisa.

"Korido yenu haina siri. Njooni."

Tulirudi tukiwa na aibu. Alikuwa amegeuza uso upande wetu.

"Mama yangu anapika pombe ya mtama," alisema. "Mitungi yake ikiharibika mara mbili mfululizo, tunalala njaa. Nimekulia hapo. Kwa hiyo usinivishe shuka ya kuiba."

"Nyamizi, wakikataa..."

"Nimelisikia hilo neno lako, 'wakikataa'. Waulize kwanza." Alifumba macho. "Uwaulize vizuri. Usiende kule ukanong'ona kama unavyonong'ona hapa."

*

Ua wa Ta Kyaruzi ulikuwa umejaa. Mjukuu wake Asimwe alikuwa anaagwa kuelekea kwa mume, na wapika pombe wote wa kilima walikuwepo, pamoja na wakwe kutoka upande wa pili wa mto. Mtumbwi ulilala chini ya kibanda, umefunikwa kwa majani ya migomba, tabaka juu ya tabaka, yamekandamizwa kwa magogo. Nilisimama karibu na uzio nikiwa na kapu langu, miguu ikitaka kurudi nyumbani.

Kwetu mgeni wa heshima hakaribishwi kwa maneno matupu. Mwenye pombe anamshika mkono, anampeleka mtumbwini, anafunua majani mbele yake. Mgeni anainama, ananusa, anasema, "Inanukia." Ndipo anapewa kiti. Wakija wageni kumi wa heshima, majani yanafunuliwa mara kumi. Tangu utoto nimeona hivyo, na sikuwahi kuufikiria ule mkono unaoinua jani.

Sasa niliufikiria. Wafumaji hawaishi bila hewa.

Ta Mutembei, baba wa bwana arusi, ndiye aliyekuwa anafuata. Mzee mrefu, kanzu nyeupe, fimbo yenye kichwa cha shaba. Ta Kyaruzi alikuwa ameshamshika mkono.

"Ta Kyaruzi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nilikumbuka alivyosema Nyamizi kuhusu kunong'ona. Nikavuta pumzi.

"Ta Kyaruzi! Usifunue!"

Hata waliokuwa wanakata nyama waligeuka.

"Binti wa hospitali," alisema Ta Kyaruzi polepole, "unanizuia kumheshimu mkwe wangu?"

Nilipiga magoti, kama inavyotakiwa. Kisha nikasema yote. Kwamba tone limeisha. Kwamba wafumaji wamepata kuishi bila tone. Kwamba niliahidi kuchemsha siku hiyo hiyo na sikuchemsha.

Ma Koletha alisimama kwanza. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ndiyo ndefu.

"Ulikunywa! Mimi nilikuwepo, nilikuona unakunja uso kama umelambishwa mwarobaini, lakini ulikunywa!"

"Ndiyo, Ma."

"Na juisi umeitoa kwangu! Ukaniambia ni ya majaribio!"

"Ilikuwa ya majaribio, Ma."

"Kachemshe! Nenda sasa hivi ukachemshe, nami nakuja na kuni zangu!"

Wengi waliitikia. Ta Kyaruzi aliinua mkono. "Mwache amalize. Wamepataje kuishi, hao wadudu wako?"

"Kwa hamira, Ta. Hamira ya hapa kilimani, iliyokuja kwenye machicha yenu. Inawapa chakula wanachokikosa, nao wanaifunika. Wanakaa pamoja, huwezi kuwatenganisha."

Kisha mtu kutoka upande wa wakwe akasema kwa sauti, "Kumbe wameoa kwenu bila mahari!"

Kicheko kililipuka. Hata Ma Koletha alilazimika kugeuza uso. Ta Mutembei hakucheka, ila fimbo yake ilitikisika kidogo.

Nilitumia nafasi hiyo kufungua kapu. Nikatoa vibuyu viwili.

"Juisi yote hii ni ya Ma Koletha," nikasema. "Hamira ni moja. Vyote vimekaa kando ya wafumaji wasio na kufuli, karibu kiasi cha kugusana. Hiki nilikuwa nakifunua mara kwa mara, kama anavyofunuliwa mgeni wa heshima. Hiki kingine nilikifunika kwa majani, nikakikandamiza, sikukigusa mpaka asubuhi ya leo. Nimevisuuza kwa nje kwa maji yanayochemka kabla ya kuja, na nikimaliza nitavichemsha vyote viwili. Hakuna mfumaji atakayebaki uani kwenu."

"Na tunajuaje ndani kuna nini?" aliuliza mmoja.

"Mwenye pombe huonja kwanza," alisema Ta Kyaruzi, akinitazama. "Leo mwenye pombe ni wewe."

Nilikuwa nimeutia ule mrija wangu kapuni, sijui kwa nini. Labda niliona haifai kuja kusema nimevunja ahadi nikiuacha umening'inia. Niliuchomeka kwenye kibuyu cha kwanza na kuvuta. Ilikuwa siki, siki kabisa, ikanipanda puani, machozi yakanitoka na nikakohoa mbele ya kilima kizima. Walicheka mpaka watoto wakakimbia kuja kuona. Niliusuuza mrija kwa maji, nikavuta cha pili.

Sijui kueleza ladha ya pombe. Lakini ilikuwa laini, yenye joto, na nilivuta mara ya pili kabla sijakumbuka kuwa sinywi.

"Toa hapa," alisema Ma Koletha, akaninyang'anya kibuyu. Alivuta. Alivuta tena, kwa muda mrefu zaidi ya unaohitajika kuonja.

"Koletha, bakiza," alisema Ta Kyaruzi.

"Hii ni yangu," alisema Ma Koletha taratibu. "Hii ni rubisi yangu hasa."

Kibuyu kikazunguka. Nikaona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine, na nilijua wanaelewa, kwa sababu macho yao yalianza kwenda kwenye mtumbwi, kwenye majani, kisha kwenye mkono wa Ta Kyaruzi uliokuwa bado umeshika mkono wa mkwe.

"Kwa hiyo siyo wadudu," alisema Ta Kyaruzi. "Ni mkono wangu."

"Ni vyote viwili, Ta. Sitaki kukudanganya. Wakitoka, hawatarudi ndani tena. Mtumbwi uliofunikwa vizuri utapona. Utakaofunuliwa utakuwa siki. Na wengine wataharibikiwa hata wakijitahidi, kwa sababu jani litapasuka au mtoto atachungulia. Mkikataa, nitachemsha mchana huu, wala sitawanung'unikia. Lakini kuna mwanamke hospitali ambaye nusu ya mgongo wake haina ngozi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nije niwaulize. Mama yake anapika pombe."

"Ni wa wapi?" aliuliza Ma Koletha.

"Mwanza."

"Siyo wa hapa."

"Siyo wa hapa, Ma."

Upepo ulipita kwenye migomba. Nilijua wanapima nini, na haikuwa pombe peke yake. Kumfunulia mgeni ndiyo namna kilima chetu kinavyosema, wewe ni mtu kwetu. Mzee mmoja alilisema wazi: "Leo tunaacha kumfunulia mkwe. Kesho tutamsalimia kwa mguu?"

Ta Kyaruzi alikuwa anatazama chini. Alikuwa katika hali mbaya kuliko mimi, maana mkwe amesimama, hajakaribishwa, na wageni wote wanangoja. Akifunua, ameshajibu. Asipofunua, amemtukana baba wa mume wa mjukuu wake siku ya kumuaga.

Ta Mutembei ndiye aliyeondoa mkono wake. Aliutoa taratibu mkononi mwa Ta Kyaruzi, akasogea kwenye mtumbwi mwenyewe, akainama na kushika jani.

Jani lilikuwa limejikunja pembeni, limeacha nafasi ndogo. Alilikunjua. Alilisukuma ndani, akavuta gogo na kulikandamiza juu yake. Kisha akageuka na kuninyooshea mkono.

"Mrija wako, binti."

Niliuchovya kwanza kwenye maji yanayochemka jikoni, nikampa. Alitafuta mahali majani yanapokutana, akaupenyeza mrija chini taratibu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, na kwa vidole vyake vikubwa akaziba majani kuuzunguka. Aliinama yule mzee mrefu, kanzu ikigusa majivu, akaweka pua kwenye mrija.

Alikaa hivyo. Kisha akanyanyuka.

"Inanukia," alisema.

Vigelegele vilianzia jikoni. Ma Koletha alipiga chake mwisho, kwa shingo upande, lakini kilikuwa kirefu kuliko vyote. Ta Kyaruzi alimkumbatia mkwe wake, akasahau itifaki, akasahau fimbo ya shaba iliyomgonga kifundo cha mguu.

"Kiti!" alipaza sauti. "Mleteeni mkwe kiti! Na yule binti mnyanyueni pale chini, mpaka sasa amepiga magoti kama sanamu."

Kabla sijaondoka aliweka kibuyu kati yetu na mirija miwili. Ahadi mpya nilisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya uzio waliisikia: kwamba kila mtumbwi utakaogeuka siki, hospitali itakuja kuuona na kusaidia kuusafisha, na kwamba hatutaficha chochote kitakachotokea mabesenini. Tukavuta.

*

Shuka ya beseni la dirishani ilitosha upande wote wa kulia, ikabaki. Nyamizi aliuma mto tulipokuwa tunailaza.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Kwenye beseni bovu."

"Nilijua tu. Mimi huwa sipewi cha dukani."

Usaha ulirudi nyuma. Kila asubuhi Sista Pelagia aliinua ukingo wa bandeji na kuniita kwa kelele, kana kwamba mimi ni kiziwi, "Koku! Imeshika! Koku, njoo uone, imeshika!" Wagonjwa wa vitanda vingine walijifunza neno hilo, wakawa wanaulizana badala ya kusalimiana. Imeshika? Imeshika. Mikokoteni ilianza kutembea tena, na safari hii wenye nyua waliipanga wenyewe zamu, kwa sababu sasa walikuwa wanagombea machicha ya nani yanafuma vizuri zaidi.

Watu wakaanza kuchonga vifuniko vya mbao vyenye tundu moja la mrija, na mapambo kuzunguka tundu. Mgeni wa heshima sasa hupewa mrija wake mwenyewe, mpya, akanusa kisha akaenda nao nyumbani. Wazee waliolalamika kwamba heshima imekufa ndio wenye mirija mingi zaidi ukutani.

Mtumbwi wa kwanza kugeuka siki ulikuwa wa Ma Koletha. Paka aliruka juu ya majani. Tulienda asubuhi, mimi na Sista, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mtumbwi, mikono mapajani, hasemi. Nilitamani angepiga kelele.

"Chukueni," alisema hatimaye. "Mtamwaga huko kwenu. Sitaki kuisikia harufu yake hapa."

Hatukuimwaga. Niliitia kwenye mabeseni, kwa sababu wafumaji hupenda sukari, lakini kilevi kidogo huwapa nguvu ambayo sukari peke yake haiwapi. Shuka zilizotoka zilikuwa nene mara mbili. Zile ndizo zilizomaliza mgongo wa Nyamizi, pale chini kiunoni ambapo ngozi ilikuwa imekataa. Kilichobaki kiliwafunika watoto wawili waliomwagikiwa uji, na mpishi wa shule. Tangu hapo, hakuna mtumbwi ulioharibika ambao umemwagwa Kyamurungi. Ushirika wa wapika pombe ulimpa Ma Koletha mtumbwi mpya na paka akapewa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Siku Nyamizi alipoondoka, alikuja Ma Koletha mwenyewe kumwona, akiwa na kitenge chake kizuri. Walikuwa hawajawahi kukutana. Nyamizi alikuwa anafunga mfuko wake. Ndani yake, katikati ya nguo, nilimwekea chupa ya machicha yenye wafumaji na hamira yao, hai, kwa ajili ya hospitali ya kwao, na kifuniko cha mbao chenye tundu kwa ajili ya mama yake. Alikuwa amenirudishia somo lote, neno kwa neno, mara mbili: mitungi ifunikwe kwanza, chupa ifunguliwe baadaye. Mama yake na majirani zake waulizwe, na wakikataa, chupa ichemshwe.

"Wewe ndiye wa Mwanza?" aliuliza Ma Koletha.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Geuka nikuone."

Nyamizi alicheka, akageuka, akashusha blauzi mabegani. Ma Koletha alisogea karibu. Alinyoosha mkono, ule mkono uliokakamaa kwa miaka ya kukamua ndizi, akauweka kiunoni, pale pale, kiganja kizima. Ngozi ilikuwa laini na yenye joto. Nyamizi alivuta pumzi, na mgongo ukapanda na kushuka chini ya kiganja.

"Kwa hiyo hii ndiyo pombe yangu iliyoharibika," alisema Ma Koletha.

"Ndiyo hiyo, Ma," nilisema, kwa sauti ya kusikika.

Alikaa bila kuondoa mkono.

"Haijaharibika basi," alisema.